Jengo limeporomoka, mbona hatushtuki?

Safu ya Mwalimu: maswali yenu kuhusu filamu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, nasomea uhandisi wa mitambo hapa Dar es Salaam. Tangu utotoni napenda muvi kubwa za kisayansi, zile za maroboti, viumbe kutoka sayari nyingine na miji kuporomoka. Ikitoka mpya najinyima wiki nzima nipate hela ya kuiona kwenye skrini kubwa pale Mlimani City. Lakini siku hizi, kabla daladala haijafika Ubungo nimeshasahau nani alimpiga nani. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja anasema nimekua, niachane nazo, ni za watoto. Mimi sitaki kuachana nazo. Tatizo ni mimi au ni muvi zenyewe?
Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiachane nazo. Huyo mwenzako mwambie mimi nina miaka 61 na bado nazipenda.

Kwanza nikupeleke Mabibo, mwaka 2002. Kaka yangu alikuwa na kibanda umiza nyuma ya gereji, na kila shule zikifungwa nilishuka kutoka Muheza, nilikokuwa nafundisha fizikia, nikamsaidia kukaa mlangoni. Mkubwa shilingi 100, mtoto 50. Ndani mabenchi ya mbao, mkeka mmoja mbele kwa ajili ya watoto, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni ya inchi 21 juu ya meza, na pembeni yake kijana ameshika maiki. Huyo ndiye mtafsiri. Kanda alizotafsiri Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu, zilipatikana mjini, ila kaka aliona mtafsiri wa kwake mwenyewe anavuta watu zaidi, maana anawajua wateja kwa majina na wakimuuliza kitu anawajibu papo hapo.

Kijana yule hakuwa na Kiingereza kingi. Alikuwa na jicho. Picha ikiwa haina watu ndani yake, aliwatia yeye. Askari aliyepita mara moja tu na bunduki alipewa jina, akapewa mchumba Tandika na deni dukani kwa Mpemba, na akipigwa risasi ukumbi mzima unasikitika. Picha ikiwa na watu wake wenyewe, alipunguza maneno. Kuna sehemu alinyamaza kabisa. Baada ya likizo mbili tatu nilikuwa naipima filamu kwa kimya chake.

Jurassic Park, ya mwaka 1993, tuliionyesha usiku wa mvua. Ikafika pale magari yamesimama gizani, watoto wamo ndani, na maji kwenye glasi juu ya dashibodi yanaanza kutetemeka, duara ndani ya duara. Kijana akaiweka maiki mezani. Tulikuwa karibu watu 60 mle ndani, na nilichosikia ni mvua juu ya bati. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alirudi nyuma bila kujijua, akambana mtoto ukutani mpaka akalia. Dinosaria mwenyewe alikuwa hajatokeza bado.

Maji yale yalitetemeshwa na uzi wa gita uliopitishwa ndani ya gari, fundi yuko chini anaupiga kwa kidole. Basi. Filamu ile ina zaidi ya saa mbili, na dinosaria wote ukiwajumlisha wanaonekana kama dakika 15 tu. Katika hizo, zilizotengenezwa kwa kompyuta ni kama 6. Nyingine ni sanamu za mitambo za Stan Winston na mafundi wake. Mamilioni ya dola yalikuwapo, na sehemu kubwa ya ustadi ilitumika kukufanya usubiri.

Sasa uje mwaka 2011. Mpwa wangu alinipeleka kuona Transformers: Dark of the Moon, ambamo maroboti yanauharibu mji wa Chicago kwa karibu saa nzima. Nilitaka kuifurahia. Maghorofa yalilala kama migomba baada ya kimbunga, na mimi nimekaa tu, moyo umetulia. Kitu kimoja kilinikaa kichwani: wanajeshi wanaruka kwa mavazi yenye mabawa, wanapita katikati ya maghorofa kama popo. Pale nilishika kiti. Miezi baadaye nikasoma kwamba walikuwa watu kweli, warukaji hodari, waliopita kati ya majengo ya Chicago kweli. Katika saa nzima ya moto na vyuma, jicho langu lilichagua miili ya watu, tena kabla sijaambiwa.

Wewe unasomea mitambo, kwa hiyo hili tuliongee kwa lugha yako. Kitu kizito hakianzi ghafla wala hakisimami ghafla. Umeiona winchi ya bandarini inavyoinua kontena: inajivuta, inasita, inayumba, inatulia. Mguu unaponing'inia kutoka nyongani ni pendulamu. Ukiurefusha mara 9, muda wa kupiga hatua unaongezeka mara 3. Tena kiumbe ukimkuza mara 10 kwa kila upande, uzito wake unazidi mara 1,000, ilhali eneo la mfupa unaombeba, ukiukata na kulipima pale ulipokatwa, limezidi mara 100 tu. Ndiyo maana tembo harukiruki kama swala. Watu hawajasoma hesabu hizi, lakini wameona tembo, wameona malori ya Kongo yakipanda Kitonga, wanajua mwilini uzito unavyotembea. Roboti la urefu wa ghorofa tatu linapojipindua kama paka, mwili wako unagundua kwamba halina uzito, na kisicho na uzito hakimwangukii mtu. Hofu inaishia hapo, hata kama macho yanaendelea kuangalia.

Linganisha na Terminator 2 ya James Cameron, mwaka 1991. Iligharimu karibu dola milioni 100, fedha ambayo wakati ule haikuwa imewahi kutumika kwenye filamu moja. Lori linalotumbukia kwenye mfereji mkavu wa Los Angeles lilitumbukizwa kweli. Helikopta inayopita chini ya daraja ilipita kweli, ikiendeshwa na rubani mwenye roho ngumu. Yule adui wa chuma kinachotiririka kama zebaki alitengenezwa kwa kompyuta kwa dakika chache tu, kwingine ni mwigizaji Robert Patrick anakimbia huku uso wake hautingishiki. Halafu kuna sheria. Mapema kabisa tunaambiwa: anaweza kujigeuza kisu, anaweza kujigeuza mtu aliyemgusa, lakini hawezi kujigeuza bunduki wala bomu. Ukishajua anachoweza na asichoweza, kila mlango unaofungwa unakuwa na maana. Katika filamu nyingi za siku hizi adui ana nguvu anazohitaji mwandishi kwa dakika hiyo, na zinakwisha mwandishi akichoka.

Mwisho wa picha ile, Mabibo, ndio ulionifanya niamini nilichokuja kuamini. Unajua sheria ya kibanda: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Arnold Schwarzenegger, roboti mwema anayemlinda mtoto, anaomba ateremshwe kwenye chuma kilichoyeyuka, mtoto anamkatalia huku analia. Fundi magari mmoja, mtu wa miraba minne, alisimama akasema kwa sauti, "Mtafsiri, mwambie asishuke!" Hakuwa anatania. Kijana hakujibu kitu. Taa zilipowashwa, watu walibaki wamekaa kwenye mabenchi, hakuna aliyekimbilia mlango.

Hapa ndipo ninapokasirika, mwanangu, niwie radhi. Filamu ya dola milioni 200 kwa kawaida hairudishi fedha yake Marekani peke yake. Lazima iuzike Beijing, São Paulo na Lagos. Kwa hiyo wanaotoa fedha wanaogopa maneno. Wanasema mazungumzo hayavuki mipaka, mlipuko unavuka. Kwa maneno mengine, sisi wa mbali tunaelewa moto tu. Mimi nilikaa mlangoni na hao watu wa mbali. Makondakta, mama wauza vitumbua, vijana wa gereji, watoto waliotoroka madrasa. Mlipuko ukianza walitoka kwenda kununua karanga. Waliporudi waliuliza: yule dada ameshaonana na baba yake? Huyu mzee mbona anaogopa kupanda lifti? Walitaka kujua habari za watu, na kijana mwenye maiki mbovu aliwavusha maneno yote kutoka Kiingereza hadi Kiswahili cha Mabibo bila shida. Walioamua kwamba hatuwezi kuvushwa hawakuwahi kutuuliza.

Kuna na jambo la umri. Mwaka 1984 wenye tasnia ya filamu Marekani waliongeza daraja jipya, linalowaachia watoto kuingia lakini linawaonya wazazi kuhusu walio chini ya miaka 13. Filamu kubwa karibu zote zinataka daraja hilo, maana hapo ndipo familia nzima inanunua tiketi. Damu ikizidi unalikosa. Roboti halina damu. Jeshi la viumbe wa kijivu halina mama zao. Unaweza kusaga elfu kumi kabla ya chakula cha mchana na mtoto wa miaka 10 akaendelea kula bisi. Hata mji ukiporomoka, angalia vizuri: barabarani hakuna aliyelala. Maghorofa yamekwisha, hakuna msiba hata mmoja. Mimi nimetoka katika jamii ambayo mtu mmoja akifa mtaa mzima unakaa matanga, na naamini ndiyo sababu unasahau kabla ya Ubungo. Hakufa mtu, sasa ukumbuke nini?

Usiwalaumu wanaochora picha hizo kwa kompyuta. Kampuni nyingi za kazi hiyo hulipwa bei iliyokubaliwa mwanzoni, hata mwongozaji akibadili mawazo mara ishirini. Kampuni ya Rhythm & Hues iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika Februari 2013, na kabla mwezi huo haujaisha kazi yake katika Life of Pi ikapewa Oscar. Mafundi wale walimchora chui milia ambaye mpaka leo siwezi kumwona kama picha, huku hawajui mshahara wa mwezi unaofuata utatoka wapi.

Kwa hiyo si wewe, na si kwamba umekua. Jicho lako limefundishika chuoni na sasa linadai uzito. Nakuomba uangalie Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015. George Miller aliwapeleka watu na magari katika jangwa la Namib, Namibia, miezi na miezi ya mwaka 2012. Wale wanaoning'inia kwenye milingoti mirefu juu ya magari yanayokimbia ni watu wa miili na mifupa. Kompyuta imetumika sana humo pia, wala sina ugomvi nayo: imefuta kamba za usalama, imepaka anga rangi, imeleta dhoruba. Uzito imeuachia magari. Iangalie na mwenzako wa chumbani, na umtazame yeye anapoitazama.

SWALI: Mwalimu, habari za siku? Mwanangu yuko darasa la nne na muvi hizi anaziangalia kutwa kwenye simu ya baba yake. Juzi ananiambia binadamu akianguka kutoka ghorofani roboti linaweza kumdaka asiumie. Naogopa zinamharibia sayansi kabla hajaanza kuisoma.
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Nzuri, mama. Zikimletea swali, hazijamharibu. Mwache aseme, halafu muhesabu pamoja.

Mtu akianguka mita 80, tukiuweka upepo kando, anafika chini kwa mwendo wa kama mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 140 kwa saa. Roboti likimdaka kwa mikono ya chuma likamsimamisha ndani ya nusu mita, mwili wake unapata nguvu inayokaribia mara 160 ya uzito wake. Ni sawa na kugonga lami. Kama kweli roboti linampenda, lianze kushuka pamoja naye na limpunguzie mwendo taratibu mpaka chini. Mwambie mwanao alichore hivyo. Nimelitumia swali hili darasani miaka mingi, na wavulana waliokuwa wakisinzia kwenye mlinganyo wa mwendo waliamka.

Sauti angani ni hivyohivyo. Hakuna hewa, hakuna kinachobeba mlio, na ile milipuko inayotikisa viti ni uongo. Gravity ya mwaka 2013 ilifanya kwa uangalifu: ajali kubwa inatokea kimya, na unachosikia ni muziki na mtetemo ambao mwanaanga angeuhisi kupitia mikono na vazi lake. Inatisha kuliko kishindo chochote.

Interstellar, ya 2014, ilinipa kipindi kizuri kuliko vyote katika miaka yangu ya mwisho kazini. Kijana wa kidato cha sita alinijia amekunja uso: "Mwalimu, eti saa moja kwenye sayari ile ni miaka saba huku duniani, kweli?" Kanuni ni ya kweli, muda hupita polepole karibu na kitu chenye uvutano mkubwa, na aliyesimamia fizikia ya filamu ile ni Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 alishiriki tuzo ya Nobel kwa kugundua mawimbi ya uvutano. Nikawaambia watoe simu walizokuwa wameficha. Saa za setilaiti zinazotuonyesha njia zinatangulia za huku chini kwa kama sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na zisiporekebishwa ramani itakupeleka Pangani ukitaka Korogwe. Darasa zima likakaa kimya. Wewe una mtoto wa darasa la nne anayeuliza mambo ya kudakwa na roboti; msogezee daftari.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Nina wazo la filamu: bahari imepanda, Mji wa Kale wa Mombasa umezama, watu wanaishi juu ya mapaa na kupigania maji matamu. Marafiki wananambia bila mamilioni ya dola nitafanya kichekesho. Niache?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Usiache, na usingoje mamilioni.

Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, kama dakika 20 tu: dunia isiyo na maji, binti wa makumbusho, mche mmoja wa mti. Anakamua jasho lake mwenyewe aunyweshee mche. Filamu ile ilifika tamasha la Sundance mwaka 2010. Kisha angalia Wajapani. Godzilla Minus One ya 2023 ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 15, na picha zake za kompyuta zilifanywa na watu 35. Takashi Yamazaki aliandika, akaongoza, na kuwasimamia mafundi hao yeye mwenyewe, jambo likiamuliwa linaamuliwa hapohapo. Machi 2024 wakachukua Oscar ya picha hizo mbele ya filamu zenye fedha mara nyingi zaidi. Jini lao la baharini ninaliamini kwa sababu nimeshakaa kwenye kibanda cha yule rubani aliyerudi kutoka vitani na aibu yake, na nimemwona akimlea mtoto asiye wake.

Sasa wazo lako. Usituonyeshe mji unavyozama. Hilo ndilo litakalokula fedha, na tumeliona mara nyingi. Chukua nyumba moja yenye ngazi za mawe. Wewe ni mtoto wa Mombasa, unajua bamvua: maji huko hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo bahari yako haitakuja mara moja kama ukuta. Itakuja na kurudi, kila bamvua juu kidogo kuliko lililopita. Mama mwenye nyumba anahamisha jiko ngazi moja juu. Mwezi unaofuata anahamisha tena. Mtoto anahesabu ngazi zilizobaki. Kisima kinaingia chumvi wiki nyingi kabla nyumba haijaingia maji, na hapo ugomvi wako wa maji matamu unaanzia uani, kati ya ndugu, kabla hujahitaji paa hata moja lililozungukwa na bahari. Likitokea hilo paa dakika ya mwisho, mchore kwa kompyuta picha moja tu, na muitengeneze vizuri.

Feri ya Likoni usiisahau. Nataka kujua safari yake ya mwisho ilibeba nani na iliacha nani ng'ambo.

Andika kurasa kumi za mwanzo unitumie kwa anwani ya gazeti hili. Mahesabu ya maji kujaa na kupwa nitakusahihishia mwenyewe.